Majivu ya Mgeni

Uligeuza uso. Usikatae, nilikuona. Kila lori la majivu lilipotoka kiwanda cha kuyeyushia vyuma kuja kwenye tanuri letu la matofali, ulifunga dirisha ukajisemea hayo ni mambo ya wafyatua matofali. Mimi sisahau. Miaka kumi na moja iliyopita meneja alipanda juu ya pipa akaahidi bafu la wafanyakazi. Pipa lipo mpaka leo. Bafu silioni.

Mwaka huu, likizo ndefu ya chuo, mpwa wangu alipanda ndege akaja huku ugenini niliko. Miezi mitatu, achunguze jinsi taka za kiwanda zinavyogeuzwa matofali. Nikampa chumba cha mbele. Cha nyuma, nilichokijenga kwa mikono yangu kwa matofali hayo hayo, analala binti yangu, mimba ya miezi saba. Nilimwambia mpwa wangu utafiti ni wake, ila mimi nataka kujua kama ukuta ule utamdhuru mjukuu wangu.

Vipimo vya kwanza vya majivu vilirudi safi. Nilifurahi mpaka nikamtania binti yangu kwamba sasa aache kulala kama mlinzi, jicho moja wazi.

Wiki iliyofuata Mama Chekeche, mama mtu mzima anayechekecha majivu pale tanurini, akamuuliza mpwa wangu kama mzigo wake wa majivu ya kupima ulipendeza. Alieleza kwa fahari walivyoyaosha yale majivu mara tatu, wakamwaga vumbi lote, wakamwekea chembe nzuri tupu.

"Mgeni hapewi makapi, binti."

Mpwa wangu alishukuru kwa heshima zote, kisha akaja kujificha nyuma ya tanuri karibu alie. Walikuwa wamemwaga kile kile alichokuja kukitafuta.

Safari hii alichota mwenyewe, chini kabisa ya lundo, na nyumbani tukabandua tofali moja la chumba cha nyuma. Tulingoja siku nane. Binti yangu alihamia kwa mpwa wangu, wakabanana kitanda kimoja, na mimi nikazunguka tanurini nikimtukana meneja kwa kila aliyenisikiliza na asiyenisikiliza.

Majibu yalikuja Jumamosi mchana. Mpwa wangu aliyasoma mara mbili kabla ya kusema.

"Mjomba, ukuta ni salama. Moto umeifunga risasi, ile sumu ya madini, ndani ya tofali, haitoki. Lililojaa risasi ni vumbi la majivu mabichi."

Nikaanza kumshukuru Mungu. Akanikatiza, akauliza ovaroli yangu anafua nani.

Binti yangu alikuwa uani wakati ule ule, anaikung'uta mlangoni pake. Kila Jumamosi, tangu mama yake afariki. Mimi mpiga kelele wa miaka yote, sumu nilikuwa nimeibeba mabegani nikaileta nyumbani, nikamkabidhi mwanangu aifue.

Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Damu ikapimwa, tukaambiwa turudi Jumatatu. Jumatatu nesi akasema kiwango cha risasi kiko chini, mtoto anacheza vizuri, ila nguo ile asiiguse tena. Nikakaa chini kwenye sakafu ya hospitali. Binti yangu akaniambia baba, inuka, watu watadhani mwenye mimba ni wewe. Nilicheka mpaka machozi.

Mpwa wangu ameondoka na daftari zake. Mjukuu amezaliwa, ana mapafu ya babu yake kwa kelele. Moyo wangu umetua. Lakini Mama Chekeche bado anachekecha majivu makavu, na ovaroli yako wewe, mfyatuaji mwenzangu, imetundikwa juu ya kitanda cha nani? Na wewe mwenye dirisha, lifungue. Kesho asubuhi tukutane wote getini, kwenye lile pipa. Majivu yamwagiwe maji kabla ya kuchekechwa, na hakuna atakayewasha tanuri mpaka msingi wa bafu uchimbwe. Ovaroli vua leo, sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.