Bega la Mzee Nukta

Watu husema kinyozi hajinyoi, na wakisema hivyo hucheka, kwa sababu hawajaona kichwa cha baba yake kinyozi. Siku ile daktari wa viungo aliposhuka kwenye teksi mbele ya nyumba ya wazazi wake, baada ya miezi minane ya "nakuja mwezi ujao", alimkuta baba yake amesimama mlangoni, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, daktari wangu. Karibu nyumbani."

Baba akapokea begi kwa mkono wa kushoto. Lilitaka kumshinda, akajikaza kisabuni mpaka akalifikisha kwenye kiti cha sebuleni.

"Umeumia mkono?" binti akauliza.

Baba akamtazama kama mtu anayetaniwa. "Si bega lile! Napumzisha."

Binti akakaa kabla hajaambiwa kaa.

Baba huyu ni mwandishi wa mabango. Kwa miaka arobaini ameandika kwa brashi kuta za maduka, milango ya magari na vibao vya shule, na mjini kwao wanamwita Mzee Nukta, maana hakuna bango alilolimaliza bila kuliwekea nukta. DUKA LA VIATU, nukta. FUNDI SAA, nukta. USIKOJOE HAPA, nukta. Hilo la mwisho, alikuwa akisema, alilipa nukta kubwa kuliko yote na bado halikusikilizwa. Sasa bango huandikwa juu ya mlango, haliandikwi kizingitini, kwa hiyo nusu ya umri wake mkono ulikuwa juu ya kichwa, brashi vidoleni, mguu mmoja kwenye ngazi.

Bega lilipoanza kuuma alimpigia binti yake. Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Binti alikuwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa hospitali, goti la mgonjwa mikononi, simu ameibana kwa shingo.

"Linauma vipi, baba?"

"Nikiinua mkono, ukifika usawa wa bega linakata. Nikiupitisha hapo linapoa. Na nikilala, siwezi kulilalia."

Alijua papo hapo. Hicho ndicho kilichokuja kumtafuna baadaye, kwamba hakuhitaji hata kufikiri.

"Pumzisha, baba. Usiinue mkono mpaka nikwambie. Nitakupigia jioni nikuelekeze mazoezi."

Jioni wakaletwa watu wa ajali. Kesho yake mwenzake akaanza likizo ya uzazi, na wagonjwa wa wawili wakawa wa mmoja. Siku ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Lakini tusimtetee sana, kwa sababu simu alikuwa anapiga. Kila Jumapili alipiga, mara nyingi akiwa zamu, akauliza habari za mama, za majirani na za mvua, na mwisho kabisa, akiwa ameshaanza kuaga, "Na bega?" Baba akajibu, "Napumzisha." Naye akasema, "Vizuri." Mara moja tu, mwezi wa tatu hivi tangu bega lianze kuuma, baba alisema, "Kwa hiyo niendelee kupumzisha tu?" Binti alikuwa anajaza fomu ya mtu mwingine. "Eeh, pumzisha," akasema, kalamu haikusimama.

Sasa akavuta kigoda, akamkalisha baba yake na kumfungua kile kitambaa. Mama alikuwa mlangoni mwa jikoni, anafuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Inua mkono mbele, taratibu."

Mkono ukapanda mpaka kifuani, ukagoma. Baba akaanza kudanganya kama wagonjwa wote wanavyodanganya: akapandisha bega mpaka sikioni, akajipinda ubavu.

"Bila kujipinda."

"Nani anajipinda?"

"Baba."

Akashusha. Binti akamshika kiwiko na kuuinua yeye mwenyewe. Kano ikiwa mbovu peke yake, mkono husogea ukiinuliwa na mtu mwingine, hata kama mwenyewe hawezi. Huu haukusogea. Ulifika palepale ukakwama kama mlango uliovimba kwa mvua. Akajaribu kuuzungusha kwa nje, ukakataa. Akapapasa nyuma ya bega, pale ambapo mafundi huwa na nyama ngumu, vidole vikazama kwenye bonde.

Mabega kama haya alikwisha kuyaona mengi. Yalikuja yameharibiwa na waganga wa mitaani, na uvivu, na woga, na yeye alikuwa mkali sana kwa waliowapotosha wagonjwa.

"Limekuwaje?" mama akauliza.

"Mama, humu ndani kuna kichwa cha mfupa wa mkono, kimekaa kwenye kisahani kidogo. Kinashikiliwa na kano nne. Moja inapita chini ya mfupa huu wa juu, mahali pembamba. Ukiinua mkono miaka arobaini, inachoka, inachanika nyuzi, inauma."

"Ndiyo ukasema apumzishe."

"Nilitaka apumzishe wiki moja, mbili. Na ni kule kuandika juu tu, siyo kuufunga mkono. Kano ikichoka inataka kazi ya kupimwa. Leo unasukuma ukuta, wiki ijayo unavuta mkanda wa mpira, halafu unabeba nusu kilo, halafu kilo. Inauma kidogo, inazoea, inapata nguvu. Wengi wanapata nafuu kwa miezi mitatu, bila kisu. Ukiufunga, misuli inasinyaa. Na mfuko unaozunguka kiungo unakaza, bega linaganda."

"Na yeye ameufunga."

"Ameufunga."

"Miezi minane."

Mama hakusema kwa ukali. Binti alitamani angekuwa mkali.

"Nilimwambia aende zahanati," mama akaendelea. "Akaniambia hawezi kumpelekea daktari mwingine bega ambalo mwanawe ameshalitolea neno. Watu watasema binti yake hajui kazi. Basi vifungo vya shati namfunga mimi. Mgongo namsugua mimi. Kitambaa nakifua kila Jumamosi, nakipiga pasi. Tulikuwa tunafuata dawa, mwanangu. Hatukuruka hata siku moja."

Binti alitazama kitambaa mapajani mwa baba yake. Kilikuwa na mikunjo minne iliyonyooka. Hakuna mgonjwa wake hata mmoja aliyewahi kumtii namna hii. Huwa anawasihi, anawafokea, wanarudi wamefanya mazoezi mara mbili kati ya kumi na nne wakiapa wamefanya yote. Mmoja tu alifuata neno lake bila kupunguza wala kuongeza, na neno lenyewe lilikuwa nusu.

"Sasa niambie kama fundi kwa fundi," baba akasema. "Nitaandika tena?"

Lipo jibu ambalo huwapa wagonjwa, la kusema tutajitahidi, tusikate tamaa. Lilimfika kinywani akalirudisha.

"Tutalilegeza. Huenda ukapigwa sindano, na mazoezi kila siku, labda mwaka mzima, labda zaidi. Shati utavaa mwenyewe. Nywele utachana. Mezani utaandika. Juu ya mlango, kwenye ngazi, kama zamani... sidhani, baba. Na kano yenyewe bado hatujaipima. Kama imekatika wakati tunasubiri, sijui."

Baba akatikisa kichwa polepole. Nje ya dirisha, ng'ambo ya barabara, duka la dawa lilikuwa na bango jipya la plastiki, limechapishwa kwa mashine, herufi zote zimenyooka kama askari. Lile la zamani lilikuwa lake. Alilitazama, kisha akageuka.

"Si neno. Hata macho yenyewe yameanza kunichezea."

"Baba, usinisaidie." Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya kigoda. "Nilisahau. Nilisema nitakupigia jioni, nikasahau. Kila Jumapili nakuuliza, na nasahau kwamba ni mimi unayenisubiri. Siyo kazi, siyo ajali. Nilikusahau."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ulisahau. Niligundua ule mwezi wa tatu, nilipokuuliza niendelee, ukanijibu kabla sijamaliza kuuliza."

Mama akashusha mikono. Hata yeye hakuwa na habari.

"Ulijua?" binti akasema. "Miezi mitano umejifunga kitambaa, na unajua? Kwa nini hukuniambia, baba?"

Mzee alikuwa anaona haya, haya ya mtoto aliyekamatwa, na binti yake hakuwahi kumwona hivyo.

"Nilikuwa nawasikia nyuma yako kwenye simu. Huyu analia, yule anaita daktari, daktari. Nikasema nikimkumbusha ataumia moyo, ataacha watu wake ahangaike na mimi. Nikawaza atakumbuka tu, leo au kesho." Akapandisha bega moja, lile zima. "Wale ni wagonjwa. Mimi ni baba tu."

Hapo binti akalia, kilio kibaya cha mtu mzima, cha kamasi na mabega. Alilia kwa sababu ilikuwa kweli. Kama baba angekuwa mgonjwa wa kuja tu, mwenye hasira na kadi ya kliniki, angekuwa sasa hivi juu ya ngazi.

Alipopata sauti, aliitumia ile ya kazini.

"Kesho tunaondoka wote. Mama naye. Mtakaa kwangu. Na keshokutwa asubuhi utakwenda dirishani, utaandikisha jina, utafunguliwa faili, na utakaa kwenye benchi usubiri kuitwa."

"Nikae foleni?" Baba akajaribu kucheka. "Baba wa daktari mzima nipange foleni?"

"Upange foleni, baba. Wa foleni sijamsahau hata mmoja."

Mzee akainua mkono wa kulia amfute mwanawe machozi, kama alivyomfuta alipokuwa mdogo. Ukaishia kifuani. Akauacha hapo kidogo, kisha akamfuta kwa wa kushoto.