Koili ya Silinda ya Tatu

Bwana Sudarma aliingia gerejini kwangu hapa Denpasar na gari linalotetemeka, taa ya injini inawaka, na mdomo wake unawaka zaidi.

"Ni sensa ya oksijeni, fundi. Nimesoma mtandaoni. We badilisha tu, usinifundishe kazi."

Sikumfundisha. Nilichomoa koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ya silinda ya tatu nikaihamishia ya kwanza, ya kwanza nikaileta ya tatu, nikawasha. Kompyuta iliyokuwa ikilalamikia silinda ya tatu ikaanza kulalamikia ya kwanza. Nikamwambia koili ndiyo imekufa.

"Haiwezekani! Juzi Tumpek Landep, siku ya kubariki vyuma, hakuna gari mtaani lililobarikiwa kama hili. Wenzangu walinyunyiza vitone kwa ua. Mimi nilifungua boneti nikamwaga ndoo nzima ya maji matakatifu. Watu wakatoka nje kuangalia!"

Nikamulika tochi kwenye shimo la plagi ya silinda ya tatu, pale koili iliyokufa ilipokuwa imekaa. Maji yametuama, juu yanaelea punje za mchele wa baraka na kipande cha ua.

"Hebu chungulia, mzee," nikamwambia. "Wenzako walinyunyiza ili miungu waone. Wewe ulimwaga ili majirani waone."