Chungu cha Maji cha Cécilia

Jamani, udongo wa barabarani una roho mbaya! Apolline alifinyanga vyungu vitatu vya maji, na vyote vitatu vikapasukia motoni. Zilikuwa zimebaki wiki mbili binti yake Cécilia aolewe katika kijiji cha Wamaza, na kwao binti hatoki nyumbani bila chungu cha maji kilichofinyangwa na mkono wa mama yake. Sufuria za dukani mama mkwe hazihesabu.

"Udongo ni udongo tu," alisema Grégoire, mumewe.

"Nyamaza, baba Cécilia! Wewe kazi yako kula, utajua nini?"

Kule walikotoka, bondeni kando ya mto Luama, kila udongo ulikuwa na kazi yake. Mweupe wa chini ya mwamba ulilambwa na wajawazito, mweusi wa ukingoni ulilea migomba, na ule wa kijivu, laini, ulikuwa wa vyungu. Kisha Bulamatari, serikali ya Wabelgiji, akawahamisha wote wajenge kandokando ya barabara, juu ya changarawe nyekundu, walime pamba. Bonde likafungwa, wazungu wakachimba dhahabu. Aliyerudi alikula fimbo. Siku ya kuhama Cécilia alikuwa bado tumboni. Sasa miaka kumi na saba imepita, na Apolline bado alilitamani bonde lile hadi viganja vikamwuma.

Alitoka huko na kitu kimoja tu, chungu cha marehemu mama yake.

"Si umpe hicho?" aliuliza Grégoire.

"Nikimpa, siku kikianguka, kwisha! Nikikitwanga, kitakaa ndani ya vyungu vyote nitakavyofinyanga."

Maana kila mfinyanzi anajua: udongo mkaidi huchanganywa na unga wa vigae vya chungu cha zamani, ndipo uvumilie moto. Alikivunja, akakitwanga kinuni mwenyewe, akilia kwa sauti bila haya, kama amefiwa upya.

Siku mbili kabla ya arusi, chungu kipya kilitoka motoni kizima. Kilipopoa, Apolline akakijaza maji, akamchotea binti yake kwa kata. Cécilia akanywa, akanusa.

"Mama, hii maji iko na harufu gani?"

"Iko ya kwetu."

Cécilia, ambaye hakuwahi kuliona bonde lile kwa macho yake, aliomba kata nyingine.