Kumtoa Mungu Kwenye Sura ya Nne

Katika shirika letu la kuchapa vitabu vya Kikristo, kikao cha uhariri hakianzi bila sala ndefu. Siku ile mwenyekiti, mchungaji mwenye koti lililopigwa pasi mpaka likang'aa, alifumba macho na kusema, "Baba, tupe hekima ya kukutoa kwenye sura ya nne."

"Amina," tukaitikia. Hata mimi. Mazoea yana taabu.

Sura hiyo aliiandika shangazi yangu, mkunga mstaafu. Katika riwaya yake, mkunga anafiwa na kichanga mikononi, anajifungia stoo ya mashuka na kumuuliza Mungu alikuwa wapi. Hajibiwi. Mimi, mhariri msaidizi mwenye digrii mbichi, niliamini riwaya ile ingemfikia kila mama aliyewahi kutoka hospitali mikono mitupu. Ndiyo maana nilimwita shangazi aje aitetee.

"Mama," alianza Daktari, bingwa wetu wa falsafa, ambaye mafundi wa mitambo walimbandika jina la Uwepo, "usekula, ule wa kuishi bila dini, umepita. Msomaji wa leo hamkatai Mungu. Ila hapendi kukutana naye ghafla."

"Anataka miadi?"

"Mkunga wako asimuulize Mungu. Autafakari Uwepo."

"Na maiti ya mtoto iko mezani?"

"Ukimya nao ni namna ya Uwepo."

Shangazi alinigeukia. "Huyu amewahi kufiwa, mwanangu, au amesoma tu?"

Mwenyekiti aliingilia kati. "Dada yangu, hatusemi Mungu hayupo. Sisi ni Wakristo! Tunasema asionekane mapema. Aje sura ya mwisho, akiwa na jibu. Hao wasioamini ndio kwanza wameanza kupenda mambo ya roho; tukiwaletea Mungu mzima-mzima, tena wa kugombana naye, watasema tumepitwa na wakati."

"Mimi na yeye tumegombana, mchungaji," alisema shangazi, akikusanya karatasi zake, "lakini sijamfukuza nyumbani. Mtaichapa yote, au naondoka nayo yote."

Ikapigwa kura. Mikono miwili ilikataa. Wangu ukakubali peke yake. Daktari alinipigapiga begani. "Utakua tu, kijana."

Nilimsindikiza shangazi. Tulikuwa bado kwenye korido, kando ya marobota ya kalenda za mistari ya Biblia, mwenyekiti alipotufuata mbio.

"Dada, niachie nakala ya sura ile. Si ya kuchapa." Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Ni ya mke wangu. Mtoto wetu naye alifia wodini. Kila ninapomwombea, mwenzangu anatoka chumbani."

Ule ukali ukamtoka shangazi usoni.

"Nitakuja kumsomea mwenyewe, baba. Nitakaa naye. Lakini kina mama wenzake waliofiwa je? Nimewashika mikono, nawajua. Hao ndio mmewanyima sasa hivi."

Mchungaji akageuka, akarudi chumba cha kikao, akaacha mlango wazi.

Shangazi akaketi juu ya robota, riwaya mapajani. Tukamsikia Daktari akiuliza kulikoni, kiti kikiburutwa, na mchungaji akisafisha koo mara mbili, tatu.

"Ndugu yangu," alisema hatimaye, "nilikuwa na mtoto."