Jinsi Chai ya Mzee Kang Ilivyopoa

Asubuhi ya kwanza baada ya kustaafu, Kang Shoutian aliketi mezani kwake na koti la ofisini akangoja chai. Mkewe, Bi Yuezhen, alisuuza bakuli la kifuniko kwa maji ya moto, akatia majani membamba meusi, akamimina maji yaliyotoka kuchemka muda huo huo. Akafunika, akavuta pumzi mbili tatu, kisha akainamisha bakuli juu ya kikombe. Chai ikatoka nyekundu, na ukingo wake wa dhahabu, ikinukia asali na maua. Hakukijaza kikombe, kwa maana kwetu Shuangkou kikombe kilichojaa pomoni ni namna ya kumwambia mgeni kwamba mlango ni ule pale. Akamsogezea mumewe kwa mikono miwili. Kang alipokigusa tu, mvuke ukakatika, na chai ikawa baridi kama maji ya kisimani.

"Chai imepoa," akasema Kang.

"Naona," akasema Bi Yuezhen. "Si umestaafu jana?"

Kwetu jambo hilo halina mjadala. Mtu akishuka kwenye kiti, chai yake hupoa. Mwenyekiti wa mtaa akiondoka, yake huwa vuguvugu. Karani wa posta alipoondoka, yake ilipoteza mvuke wa juu tu, akaendelea kuinywa bila kulalamika. Lakini Kang alikuwa mkuu wa ofisi ya chai, tena kwa muda mrefu, na hakuna jani lililoshuka mlimani bila kupita puani mwake. Wakulima walisimama ukumbini na vikapu vyao, naye angeonja funda moja, akatazama dari, akasema, "Daraja la tatu," na mtu mzima akarudi nyumbani akihesabu hasara. Kwa hiyo chai yake ilipoanguka, ilianguka mpaka chini kabisa. Watu waliposikia walisema aliye juu mngoje chini, wakaendelea kuchambua maharage yao.

Yeye mwenyewe aliumia, na siwezi kumcheka kwa hilo, maana mtu wa Qimen, wilaya yetu hii ya chai, bila chai ya moto ni kiumbe wa kusikitisha. "Sitaki makubwa," alikuwa akisema. "Nataka kikombe kimoja. Nikishike hivi, nikipulize hivi." Na angekunja viganja vyake vitupu akapuliza.

Basi wakahangaika, hasa Bi Yuezhen. Alipasha kikombe kwanza, akakiviringisha kwenye shuka la pamba, akamwekea mumewe kiti kando ya makaa ya kukaushia majani. Chai ikapoa. Akaikoroga na tangawizi. Ikapoa, ikiwa na tangawizi. Siku moja Kang alikata tamaa akaweka mdomo kwenye mdomo wa birika lililokuwa likitokota jikoni. Birika likanyamaza. Makaa yaliyokuwa chini yake nayo yakafifia, na chakula cha mchana kikachelewa.

Jirani yao Fang Dahai, muuza tofu, mtu wa maneno mengi na shingo fupi, alijitolea kwa hila. Chai ingemiminwa kwa jina la Fang, ishikwe na Fang, kisha Kang aipore ghafla.

"Pora!" akasema Fang.

Kang akapora. Ilipofika mdomoni ilikuwa barafu.

"Chai inamjua mwenyewe," akasema Fang, akijipangusa mkono. "Hata ukiiba, itakujua wewe mwizi. Pole, Mzee."

Neno hilo la Mzee lilimchoma zaidi ya baridi. Kabla ya hapo Fang alikuwa akimwita Bwana Mkuu.

Wakati huo huo, kule ofisini, mkuu mpya Hu Zhipeng alikuwa na msiba wa upande wa pili. Chai yake haikupoa. Ilimiminwa saa mbili asubuhi, na mpaka jioni ilikuwa ikitokota ndani ya kikombe chake cheupe, kifuniko kikirukaruka kwenye mikutano. Dereva wake alipepea mpaka mkono ukamvimba. Hu akawa na malengelenge mdomoni, akahutubia wakulima kama mtu aliyeng'ata andazi linalotoka kwenye mvuke. Wakulima walimpigia makofi vilevile.

Kisha likaingia joto la kiangazi, lile la kwetu, ambalo likija mbwa hulala kwenye mfereji na hakuna anayemfukuza. Fang alikuja akichuruzika jasho, ameshika gudulia la chai nyekundu.

"Mzee Kang, nakukabidhi chai hii. Ni yako."

"Yangu kwa sababu gani?"

"Pokea tu, bwana, usiniulize maswali na joto hili."

Kang akapokea. Gudulia likatoka jasho la baridi. Fang akalichukua tena mikononi mwake, akagugumia nusu, akafumba macho. "Aisee!" akasema. "Heri ustaafu wako kuliko kazi yangu."

Kufikia juma lililofuata foleni ilifika darajani. Na chai yetu, ninyi mnaijua au hamwijui, haina maringo. Inanywewa kavu, inanywewa na maziwa kama wanavyofanya wageni, inapokea limau, asali, maganda ya machungwa makavu, tangawizi, na ikipoa haiwi chungu wala haifanyi ukungu. Ni kama mkwe mwenye tabia njema, ukimweka popote anakaa. Sisi tunaiita nyekundu kwa rangi ya maji yake, wengine ulimwenguni huiita nyeusi kwa rangi ya majani, nayo huitikia kote kote. Watu walikuja na kila aina. Wengine hawakuja hata na maji, wakaleta majani tu mfukoni. Bi Yuezhen alichemsha, akamimina, akakata malimau, akaosha bilauri, akachemsha tena.

Utaratibu ulikuwa mfupi. "Nakukabidhi, Mzee." "Nimepokea." "Naichukua." "Ichukue." Lakini Kang hakuweza kujizuia. Alirudi kuvaa koti. Alimwambia mtu aje baada ya chakula, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekaa bure. Alinusa gudulia la mjane mmoja, akatazama dari, akasema, "Umeiacha majini mno. Daraja la tatu." Akalipoza hata hivyo. Watu walimletea vitafunio vya ufuta na samaki wa kuvunda, yule wetu mtamu, na jioni alikuwa akijinyoosha na kusema kazi ni nyingi.

Hata Mkuu Hu alikuja, kwa mlango wa nyuma, kikombe chake kimefungwa taulo.

"Mzee Kang, mdomo wangu umekwisha," akasema. "Nisaidie."

Walishika kikombe wote wawili, mmoja huku na mwingine kule. Kifuniko kikaacha kuruka. Chai ikatulia, ikawa na mvuke mwembamba, joto lile lile ambalo kila mnywaji hulitamani. Wote wawili waliinama wakaitazama kwa upendo. Kang akiivuta kwake, inaganda. Hu akiivuta kwake, inatokota. Walivutana kwa adabu kwa muda mrefu, kila mmoja akimwambia mwenziwe tafadhali anza wewe. Mwishowe Fang, aliyekuwa amekuja kuleta tofu, aliinama katikati yao akainywa yote.

"Nzuri," akasema. "Daraja la kwanza."

Vuli ikaja, upepo ukashuka kutoka kwenye miteremko ya chai, na foleni ikakatika siku moja bila mtu kuaga. Nani anataka chai ya baridi wakati meno yanagongana? Kang alikaa mezani na koti lake na kikombe chake cha barafu. Alikuwa akikitazama, anakisukuma mbali, anakivuta tena. Usiku Bi Yuezhen alimsikia akipuliza ndotoni.

"Nitakufa sijaonja tena ya moto," akamwambia mkewe, na safari hii sauti yake ilikatika kwelikweli.

Bi Yuezhen alikwenda mwenyewe mpaka posta, akapiga simu mkoani. Alisubiri, akapiga tena, akasubiri tena. Hatimaye akaletwa mtaalamu, binti mmoja aitwaye Lu Wanqing, mwenye miwani na kisanduku cha vipimajoto. Alisema visa kama hivi ameviona vingi, hasa baada ya mabadiliko ya uongozi.

Wakaketi mezani, Kang, Mtaalamu Lu, na Fang ambaye hakualikwa. Bi Yuezhen alimmiminia mgeni, akammiminia mumewe, akammiminia Fang, mwisho akajimiminia mwenyewe. Akaenda kuleta vitafunio. Akarudi, akaenda kuleta taulo, maana Fang alikuwa amemwaga. Mtaalamu Lu alitumbukiza kipimajoto kwenye kikombe cha Kang, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akakisukuma kando na kuomba kikombe kingine kilichomiminwa upya. Bi Yuezhen akakileta. Nacho kikapoa.

"Mkoa umeniruhusu kutoa vyeo vya heshima," akasema Mtaalamu Lu. "Havina mshahara wala ofisi. Mzee, nakuteua Mshauri."

Kipimajoto kikapanda kidogo. Fang akagusa kikombe kwa kidole. "Vuguvugu," akatangaza.

"Mshauri Mwandamizi."

Kikapanda tena. Kang alikuwa ameshikilia ukingo wa meza.

"Ongeza, binti yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Nakuomba."

"Mwenyekiti wa Heshima wa Kudumu wa Chai Nyekundu."

Mvuke ukafumuka. Miwani ya Mtaalamu Lu ikaingia ukungu. Kang alikikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili, akakipuliza, akanywa funda moja, akalia bila kuona haya. Hata mimi ningelia. Fang alimpiga mgongoni, akasema, "Hongera, Bwana Mwenyekiti," na chai ikazidi moto kidogo.

"Nipime na vingine, nilinganishe," akasema Mtaalamu Lu. Cha kwake kilikuwa cha moto. Cha Fang kilikuwa kitupu. Akatumbukiza kipimajoto kwenye kikombe cha mwisho, akakitoa, akakipangusa, akakirudisha.

"Hiki cha nani?"

"Changu," akasema Bi Yuezhen kutoka mlangoni, sahani mkononi.

"Shangazi, na wewe pia! Hiki ni baridi kabisa."

Fang alifurahi. Wawili nyumba moja, ilikuwa haijatokea Shuangkou. Kang alikunja uso kidogo, kama mtu aliyeambiwa kuna mwingine mwenye ugonjwa wake.

"Wewe umestaafu kazi gani?" akamuuliza mkewe.

"Mimi sijastaafu."

"Sasa imeanza lini hii?"

Bi Yuezhen alifikiri. "Tangu niolewe," akasema. "Nilidhani upande huu wa meza ndivyo inavyokuwa."

Mtaalamu Lu alikuwa mtu wa haki. Alimteua Bi Yuezhen Mshauri. Kipimajoto hakikutikisika. Akamteua Mshauri Mwandamizi, kisha Mwenyekiti, kisha Mwenyekiti wa Kudumu. Fang akapendekeza Malkia, wakajaribu, na hilo pia likashindikana. Ndipo Mtaalamu Lu akaomba Bi Yuezhen ajimiminie kingine, akae nacho hapo hapo, wakitazame. Wakakitazama. Kilikuwa cha moto, na kiliendelea kuwa cha moto kama kikombe chochote cha mtu yeyote.

"Aa," akasema Mtaalamu Lu, akavua miwani akaifuta. "Basi si maajabu, Shangazi. Ile yako ilipoa kwa kawaida tu. Chai ukiimimina ukaenda zako, hupoa."

"Kumbe!" akasema Fang. "Shemeji umetutia hofu bure."

Kang naye alishusha pumzi. Akamtazama mkewe kwa mapenzi, kwa maana kikombe cha moto kilikuwa kimemlainisha. "Yuezhen wangu," akasema, "dawa yako rahisi. Uwe unainywa ikiwa ya moto."

"Sawa," akasema Bi Yuezhen.

Akakishika kikombe kwa mikono miwili. Akakipuliza, taratibu, na mvuke ukalala upande mmoja kisha ukasimama tena. Harufu ya asali ikamfikia. Akakiinua, ukingo ukagusa mdomo wake wa chini.

"Ila kabla hujaanza," akasema Mwenyekiti wa Heshima wa Kudumu, akimwonyesha kikombe chake kitupu, "na mgeni pia, tazama, cha mgeni kimekwisha."

Mtaalamu Lu alisema asisumbuke, akakisogeza kikombe chake mbele kidogo ili kifikike. Fang akasogeza na chake. Bi Yuezhen akaweka kikombe mezani, akachukua birika, akaona ni jepesi, akaenda jikoni kuchemsha maji mengine.