Mitandao Mitatu ya Mzee Anania

Mzee Anania Mwakalinga hakuwa mtu wa kununua kitu kwa kusikia. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo pale Uyole, akilinganisha mbegu za maharage, na kazi hiyo ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Ukimwambia mbegu hii ni nzuri, anakuuliza: umeipanda mara ngapi, kwenye udongo gani, na uliilinganisha na ipi? Wauzaji wengi walimkimbia kwa maswali hayo. Basi alipotaka intaneti ya nyumbani akaamua kuijaribu kama maharage, kila kampuni na kitalu chake, kila kitalu wiki tatu.

Intaneti yenyewe aliitaka kwa sababu moja tu. Mkewe, Tusajigwe, alikuwa Iringa. Alikwenda kumsaidia mkwe wao, mke wa mwana wao Ambokile, aliyejifungua, akasema ni miezi mitatu. Mkwe huyo, Eveline, binti wa Kihehe kutoka Kilolo, ni muuguzi, leo zamu ya mchana, kesho ya usiku, na mtoto hawezi kuachiwa mtu wa kupita. Miezi mitatu ikawa sita, sita ikawa kumi na moja. Hakuna aliyegombana na mtu. Ni ule ubibi tu; ukishamshika mwanamke, mumewe ajue amebaki na nyumba. Mzee akabaki na vyumba vitano, ng'ombe mmoja, na ukimya ambao hata redio ya kutwa nzima haikuufukuza.

Mchana alijimudu. Alikata majani ya ng'ombe, akaenda kanisani kwenye vikao vya wazee wa Kimoraviani, akabishana na majirani kuhusu mbolea. Kazi ilikuwa jioni. Kwa miaka arobaini hakuwa amezoea kula chakula cha jioni peke yake. Sasa alijipikia ndizi na maharage, akapakua sahani moja, akaketi akitazama kiti cha upande wa pili wa meza. Kuna siku alikula amesimama jikoni, ili tu asikione kile kiti.

Hapo ndipo alipopata wazo. Yeye ataegemeza simu yake kwenye jagi la maji, kule Iringa nao wataweka ya kwao mezani, na watakula pamoja. Si kuzungumza sana, la. Kula tu, kama watu wa nyumba moja. Tusajigwe alikubali, na saa moja kila jioni simu ilikuwa inapigwa. Mzee anamwona mkewe amejifunga kitambaa chake cha bluu, anamwona mjukuu, Dastan, anatafuna kijiko kitupu, wanasalimiana, wanacheka. Kisha, kabla sahani hazijafika mezani, Tusajigwe anageuza uso pembeni na kusema, "Baba Ambokile, mtandao unasumbua." Picha inazima. Mzee anabaki na tonge mkononi, na jagi la maji mbele yake.

Mwanzoni alilaumu bando la simu. Ndipo akaanza utafiti.

Kampuni ya kwanza aliipa jina Ya Kisanduku, kwa kuwa ilileta kisanduku cheupe chenye laini ya simu ndani, kinawekwa dirishani. Asubuhi spidi ilikuwa megabiti kumi na mbili. Jioni, madereva wa malori wakishaegesha pale barabarani na kila mmoja ametoa simu yake, inashuka mpaka mbili. Uso wa Dastan ukawa viraka viraka. Mzee akaandika kwenye daftari neno alilokuwa akiyaandikia maharage yaliyoshindwa na jua: imenyauka.

Ya pili aliiita Ya Ungo. Hii ilifungwa juu ya bati, inatazama mnara wa mlimani, na ilikwenda mbio kweli. Lakini ungo ukisogezwa kidogo tu unapoteza mnara, na upepo wa Uyole mwezi wa saba hauna adabu hata chembe. Mara tatu mzee alipanda ngazi mwenyewe kuurudisha, na majirani wakamwambia, mzee, utavunjika kiuno kwa ajili ya simu. Akawajibu kwamba kiuno ni chake na simu ni yake.

Ya tatu ndiyo Ya Waya. Waya mweusi, mwembamba, kutoka kwenye nguzo hadi sebuleni. Aliyeufunga alikuwa mwanamke, Jackline, fundi mwenye maneno machache na buti kubwa, na mzee alimpenda papo hapo kwa sababu alijibu kila swali bila kutia chumvi. Spidi ilikuwa megabiti thelathini asubuhi, thelathini mchana, thelathini jioni. Siku moja tu lori lenye mzigo mrefu liliung'oa, Jackline akaja kesho yake akaurudisha. Mzee alipima mara nne kwa siku, akachora mstari kwenye daftari, na mstari ukanyooka kama umepigwa rula. Haya sasa, akajiambia, leo tunakula.

Saa moja ikafika. Tusajigwe akatokea, anaonekana mpaka mikunjo ya kope. Dastan akatokea na kijiko chake. Wakasalimiana, wakacheka. "Baba Ambokile, mtandao unasumbua." Kiza.

Mzee alikaa pale mpaka ndizi zikapoa. Halafu akavuta daftari, akapekua nyuma, kurasa zote tisa. Kisanduku: dakika sita, dakika saba, dakika tano. Ungo: dakika saba, dakika sita. Waya: dakika sita. Kasi zilitofautiana kama mbingu na ardhi, lakini simu zote zilikatika mahali pamoja. Alipokuwa kazini, mbegu tatu tofauti zikifa siku moja aliacha kulaumu mbegu, akaenda kutazama udongo. Udongo wenyewe, basi, ulikuwa Iringa.

Akampigia mwanawe. Ambokile huchora ramani za nyumba na kuwatumia wateja wa Mafinga kwa intaneti, kwa hiyo mtandao ndio mkate wake.

"Huko kwenu mtandao una shida gani jioni?"

"Shida? Huku haujakatika hata siku moja, baba. Mwezi mzima." Kisha sauti ikamshuka, kama mtu aliyekumbuka ameacha mlango wazi. "Labda umuulize mama."

Hakumuuliza. Alimwita Jackline, akamwomba aje saa moja jioni, akae pembeni, atazame mwenyewe jinsi mashine yake inavyomwaibisha. Jackline akaja, akakaa pembeni ya meza na kipimo chake. Simu ikaita, wakasalimiana, mtandao ukasumbua, picha ikazima. Jackline alitazama kipimo, akatazama simu, akajikuna shingo.

"Mzee, nikuambie ukweli?"

"Nimekuita uniambie nini?"

"Mtandao ukikatika, picha inaganda kwanza. Simu inahangaika, inaandika kwamba inaunganisha upya, ndipo inakata. Hii haijahangaika. Imezima palepale." Akainua kidole cha shahada. "Hapo kuna mtu amebonyeza."

Akakusanya vifaa vyake taratibu, akakataa chai, akaondoka. Alikuwa ameelewa kwamba hapo pana mambo ya watu, na mambo ya watu hayafungwi kwa koleo.

Usingizi haukumjia mzee vizuri. Mtu aliyeoana naye miaka arobaini anambonyeza kila jioni kama anazima taa ya chooni! Alijiuliza kama amemchosha, kama kule kuna maisha matamu asiyotakiwa kuyaona, kama miezi mitatu ilikuwa maneno ya kumtuliza tangu mwanzo. Iliuma. Iliuma kuliko alivyodhani kitu kinaweza kumuuma mwanamume wa miaka sitini na nane. Kulipokucha akapiga simu ya kawaida, ya sauti tu, maana hakutaka aonekane uso.

"Mama Ambokile, kwa nini unanikatia?"

Mtoto alisikika akigonga kitu.

"Nani kakwambia?"

"Fundi. Sema tu. Kama nimekuchosha, sema."

"Gwe, wewe Anania," alisema Tusajigwe, na hakuwa akimwita jina lake isipokuwa jambo likiwa zito. "Unichoshe kwa lipi? Ni mkwe. Nyumba hii unaijua? Sebule ni hii hii moja. Kutoka jikoni hadi mezani lazima apite mbele ya simu. Mimi nakata ili mtoto wa watu alete chakula. Juzi ulizungumza sana habari za ng'ombe, akasimama nyuma ya mlango na sufuria ya moto mkononi mpaka umalize. Amerudi zamu, hajala tangu asubuhi. Nifanyeje?"

"Si ungeniambia."

"Nikwambie nini? Si wewe uliyesema?"

Ndiyo, alisema. Ilikuwa Krismasi ya kwanza baada ya harusi, miaka minne iliyopita. Mzee alilelewa Rungwe, na mama yake alipomwona baba mkwe wake njiani aliacha njia, akaingia kwenye migomba, akageuza mgongo mpaka mzee yule apite. Ndiyo ilikuwa heshima, na hakuna aliyeiuliza. Siku hizi hata kanisani vijana wameiacha, lakini yeye hakuiacha. Eveline hakujua. Kwao Kilolo alizoea kumpelekea babu yake chai na kukaa naye wakizungumza. Basi akaleta chai, akapiga goti, akamsalimia baba mkwe wake, kisha akaketi kiti cha karibu, anatabasamu, tayari kwa mazungumzo. Mzee aliinuka. Mbele ya wageni wote akasema kwamba katika nyumba yake mkwe hakai machoni pa baba mkwe, kama kwao hawafundishwi basi atafundishwa hapa. Siku tatu zilizobaki Eveline alikula nje, chini ya paa la zizi. Na akafundishika vizuri sana.

"Mwambie nimemruhusu," alisema mzee. "Mwambie apite tu."

"Nimeshamwambia mimi mwenyewe, mara ngapi! Anasema hataki kukukosea tena. Ulimtisha, Baba Ambokile. Neno lile halitoki kwa salamu ya simu."

Siku hiyo mzee hakupima spidi. Alikata majani, akamnywesha ng'ombe, akafagia sebule ambayo haikuwa na mtu wa kuichafua. Jioni akapika ndizi. Saa moja simu ikaita, Tusajigwe akatokea, macho yake yakimtafuta, na Dastan mapajani. Nyuma yao ulionekana mlango wa jikoni, umefungwa nusu, na chini yake kivuli cha miguu miwili iliyosimama.

Mzee alikiona kile kivuli. Kwa spidi ile ya megabiti thelathini aliona hata kilivyohama kutoka mguu mmoja hadi mwingine kwa uchovu. Miezi yote hii alikuwa amekitazama bila kukiona.

"Usikate," alisema.

"Baba Ambokile, chakula kina..."

"Najua. Usikate. Naigeuza simu mimi."

Akamtazama mkewe mara moja, akamtazama mjukuu, kisha akaichukua simu kutoka kwenye jagi na kuilaza mezani kifudifudi.

"Tayari," akasema kwa sauti, kama mtu anayecheza kombolela. "Sioni kitu. Kwenu kuna giza?"

"Kuna giza," alijibu Tusajigwe, sauti yake imebadilika.

"Basi apite. Ale na nyinyi. Mimi nitasikia tu."

Halafu mlango ukalia. Nyayo zikaja, zikasita, zikaja tena. Sufuria ikatua mezani, vifuniko vikafunguliwa, mwiko ukakwangua, kiti kikavutwa. Mzee alikaa wima mbele ya mgongo mweusi wa simu, mikono kwenye magoti, kama yuko ibadani.

"Baba." Ilikuwa sauti ya kike, ya chini, ambayo hakuisikia kwa miaka minne. "Karibu chakula."

Alitaka kusema mambo mengi.

"Ndaga, asante mwanangu," alisema mwishowe. "Nami nimepakua."

Akala. Kule wakala. Dastan aligonga meza kwa kijiko, Ambokile akaomba chumvi, Tusajigwe akamkaripia mtu kwa kujaza mdomo. Baadaye kidogo wakasahau kwamba yupo, maana Eveline alisimulia jambo la mgonjwa wake mmoja bishi, na akacheka. Alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu mchangamfu, kirefu, kinachowavuta wengine wote. Mzee hakuwa anajua kwamba mkwe wake anacheka namna hiyo. Miaka minne, na hakujua.

Mkono wake ulikwenda kwenye simu mara mbili, na mara mbili akaurudisha. Akaendelea kumega tonge ndogo ndogo, akitafuna polepole, ili sahani isiishe kabla ya zao.