Kovu Akataa Kuanguka

Mwongozaji yule tulimwita Mara Moja, maana kila tukio alilipiga picha mara moja tu. Ukijikwaa, umejikwaa ndani ya filamu. Alianzia sebuleni kwa mama yake, mama mwenyewe akicheza maiti. Tangu hapo filamu zake zote za majambazi alizipiga kwenye magereji na ngazi za watu, damu ikiwa sharubati iliyokorogwa na unga. Watu wakazipenda hivyohivyo. Mimi nilimshikia taa kwa muda, katika zile kazi nilizookota huku na kule.

Jambazi mkuu siku zote alikuwa Kovu. Sasa Mara Moja akamleta kinyozi, kaka wa mke wa Kovu, mpole huyo, hajawahi kumtishia hata kuku.

"Leo anakuua," Mara Moja akamwambia Kovu. "Kuanzia hapo bosi ni yeye. Filamu ijayo pia, kama leo ataweza."

Kovu akamtazama yule kinyozi, roho inamchoma. "Shemeji, kisu hakishikwi kama kitana."

"Niachie mwenyewe, shemeji. Wewe kazi yako ni kuanguka tu."

Gereji nzima ikacheka. Kovu akaja kwenye taa yangu, akanong'ona, "Sianguki ng'o. Atanichoma na nitasimama. Tuone atatokea wapi, na picha hairudiwi."

Kamera ikawaka. Kinyozi akachoma. Kovu kasimama wima kama mlingoti, anamkodolea macho. Kinyozi akaduwaa. Halafu mikono yake ikafanya inachokijua: akamshika Kovu kidevu kwa vidole viwili, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamtazama shingo huku na huku.

"Tulia, kaka," akasema kwa upole. "Ukitikisika nitakukata vibaya."

Akapitisha kisu taratibu. Akapuliza shingo. Akaifuta kwa kiganja. Nywele zilinisimama, na kisu chenyewe cha bati. Magoti ya Kovu yakalegea yenyewe, akashuka hadi sakafuni.

Mara Moja hakusimamisha. Alinipungia mkono niihamishe taa imfuate kinyozi, aliyekwenda kukaa kwenye kiti cha bosi, akakunja nne.

Kovu pale chini akawa anamfuata kwa jicho. Mara Moja akamwonyesha kwa ishara: maiti, fumba macho.

Akayafumba. Meno ndiyo yaliyoendelea kusagana.